Antivairasi na Bakapu Zikigombana, Usimfukuze Mlinzi

Mwaka juzi, tarehe 18, siku mbili kabla ya mwisho wa kuwasilisha ritani za VAT, kompyuta yangu ya ofisini ililia tik-tik-tik halafu ikagoma kuwaka. Fundi alipoifungua na kuijaribu kwenye mashine yake alisema, "Mama, diski hii imekwenda." Sikushtuka. Natunza hesabu za maduka 11 hapa Moshi, na bakapu yangu hujifanya yenyewe kila usiku kwenye diski ya nje ya TB 1. Kila asubuhi alama ya kijani ilikuwa pale pale kwenye kona ya skrini. Nikampa hela ya diski mpya, nikaenda zangu kunywa chai.

Tulipomaliza kuweka Windows upya na kuiagiza programu ya bakapu irudishe nakala ya jana, ilikataa. Kuna faili limekosekana katikati.

Hapa nieleze kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua. Programu nyingi za bakapu hazinakili kila kitu kila siku. Yangu ilikuwa inachukua nakala kamili tarehe 1, halafu kila usiku inachukua yale tu yaliyobadilika tangu usiku uliotangulia. Kwa hiyo ya tarehe 17 inaiegemea ya 16, ya 16 inaiegemea ya 15, hivyo hivyo mpaka chini. Lililokosekana lilikuwa faili la tarehe 9. Nikaweza kurudi hadi usiku wa tarehe 8 tu. Mafaili ya tarehe 10 hadi 17 yalikuwepo yote, mazito, mazima, na hayana faida yoyote.

Aliyelichukua hilo la tarehe 9 ni antivairasi niliyoilipia mwenyewe wiki tatu kabla. Ripoti yake niliikuta kwenye akaunti yangu ya mtandaoni. Siku ile mteja mmoja aliniletea fleshi yenye vile virusi vya kuficha folda na kukuachia shotikati. Nikanakili risiti zake, na mdudu akaingia nazo. Usiku bakapu ikambeba pamoja na vingine. Kesho yake antivairasi ikamwona kwenye diski ya ndani, ikamwondoa, vizuri kabisa. Lakini Jumapili ilipokagua kila kitu, ikiwemo diski ya nje, ikamkuta tena ndani ya faili la bakapu. Haikuweza kumtoa yeye peke yake, kwa hiyo ikalitia faili zima karantini, yaani kifungoni ambako hakuna programu inayoweza kulifungua. Karantini yenyewe ilikuwa wapi? Kwenye diski C, ile ile iliyokufa.

Na programu ya bakapu? Iliendelea kuandika "imekamilika" kila usiku, kwa sababu kweli kazi ya usiku ule ilikuwa imekamilika. Haikuwahi kugeuka nyuma kuangalia kama ngazi inayopanda bado ina vipandio vyote. Nilikesha usiku mbili nikiingiza upya siku tisa za mauzo kutoka kwenye karatasi za EFD, zile mashine za risiti, ambazo wino wake mnazijua unavyofifia, na ritani ya mwisho niliiwasilisha tarehe 20 saa tano usiku.

Tangu hapo nimesaidia maofisi kadhaa yenye tatizo la aina hii, na ushauri wa kwanza wanaokuwa wameshapewa ni ule ule: zima antivairasi bakapu inapofanya kazi. Nauchukia ushauri huo. Wakati diski ya nje imechomekwa ndio wakati unaohitaji ulinzi kuliko wakati wowote, kwa kuwa virusi vya kuteka mafaili na kudai fidia vikiingia dakika ile vinafunga nakala na asili kwa pamoja. Halafu ukishazima, nani atawasha? Umeme ukikatika katikati ya kazi, au bakapu ikikwama, ile amri ya kuwasha uliyoiweka mwishoni haifikiwi. Nimeona kompyuta ya ofisi moja iliyokaa hivyo tangu Pasaka hadi Sabasaba. Tena kwenye Windows za sasa kuna kinga inayozuia programu nyingine kumzima mlinzi kimyakimya, kwa hiyo ujanja huo mara nyingi haufanyi kazi hata ukiutaka.

Kinachosaidia ni kujua kwanza zinagombania nini. Antivairasi hukaa njiani kati ya programu na diski. Kila programu inapofungua faili, mlinzi analisimamisha alitazame. Kwenye Windows unaweza kuwaona walinzi hao: fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika fltmc, utapata orodha ya vichujio vilivyopo, kila kimoja na namba ya kimo chake. Antivairasi zimetengewa namba za 320000 na kitu, na vichujio vya bakapu vinavyofuatilia mabadiliko muda wote wako chini yake, kwenye 280000 na kitu. Ukikuta majina mawili kwenye ile 320000 wakati wewe unajua una antivairasi moja, basi ile ya zamani uliyodhani umeifuta iliacha mtu wake mlangoni. Watengenezaji wengi wana kifaa maalumu cha kusafisha mabaki. Tumia hicho, kufuta kwa njia ya kawaida hakutoshi.

Sasa fikiria bakapu inafungua mafaili laki moja kwa saa moja, inayasoma upesi upesi, inaandika kitu kilichobanwa na kufungwa kwa nywila. Kwa macho ya mlinzi, hiyo ndiyo tabia ya mtekaji. Mbaya zaidi, bakapu nyingi kwenye Windows hutumia huduma ya nakala kivuli, VSS, ili kuweza kunakili faili lililo wazi, na watekaji wanaipenda huduma hiyo hiyo: wengi wao hutangulia kufuta nakala kivuli zote ili usiwe na pa kurudi. Virusi vya WannaCry vya Mei 2017 vilifanya hivyo. Kwa hiyo mlinzi anayemshuku kila anayegusa VSS hana makosa. Yuko kazini.

Kumpata mgomvi, tumia saa. Fungua ripoti ya bakapu, tafuta dakika iliyoshindwa, kisha fungua historia ya antivairasi uangalie dakika hiyo hiyo. Kompyuta ikiandika 02:14 ni saa nane na dakika kumi na nne usiku, usije ukaenda kutafuta mambo ya saa mbili. Kama wako ni mlinzi wa Windows mwenyewe, matukio yake yako kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, ndani ya folda ya Windows Defender, sehemu ya Operational. Namba ya tukio 1123 maana yake kuna programu imezuiwa kuandika kwenye folda inayolindwa. Upande wa bakapu, kosa namba 32 linasema faili limeshikwa na mwingine, namba 5 linasema umenyimwa ruhusa, na 225 linasema Windows imeona virusi ndani yake. Hilo la 32 huja sana mwishoni: bakapu imemaliza kuandika, inataka kulibadilisha faili jina la muda liwe jina la kudumu, kumbe mlinzi bado amelishika analikagua. Lakini usikimbilie kumlaumu yeye kila unapoiona 32. Kama unatumia Tally, ile programu ya hesabu, na umeiacha wazi usiku kucha, huenda aliyeshika ni Tally.

Mara nyingine ugomvi wote ni wa ratiba. Bakapu imewekwa saa nane usiku, ukaguzi kamili saa nane usiku, na ofisi inazima mashine saa kumi na moja jioni. Kazi zilizopitwa na muda mara nyingi hupangwa zianze mara mashine inapowaka, kwa hiyo zote mbili zinaamka saa mbili asubuhi na mhudumu wa mapokezi, kompyuta inatambaa, mtu anachoka, anachomoa diski. Hapo huhitaji ruhusa yoyote. Weka bakapu saa ya chakula cha mchana, ukaguzi ubaki Ijumaa jioni, kesi imekwisha.

Ikiwa si ratiba, ndipo unaandika ruhusa ya kupita, yaani unamwambia mlinzi asiisimamishe bakapu, na uiandike nyembamba. Mruhusu mtenda kazi, yaani faili la programu ya bakapu lenyewe, kwa njia yake kamili na si kwa jina tu, maana jina hata mdudu anaweza kujipa. Kwenye mlinzi wa Windows, ukiiruhusu programu namna hiyo, mafaili inayoyafungua yenyewe hayasimamishwi, lakini Word au mtu mwingine akiyafungua yanakaguliwa kama kawaida. Ruhusa hiyo inahusu ulinzi wa papo hapo tu. Ukaguzi wa ratiba utapita pale pale. Kwa hiyo mkasa wangu wa tarehe 9 isingeuzuia.

Kwa ule mkasa nililazimika kuruhusu na folda ya bakapu kwenye diski ya nje. Folda moja tu, diski nzima sikuigusa. Najua kuna watakaosema nimetengeneza maficho ya virusi. Mdudu aliyebanwa ndani ya faili la bakapu hawezi kufanya kitu mpaka atolewe, na siku ya kumtoa mlinzi yupo mlangoni. Kupoteza siku tisa kwa sababu yake ni hasara kubwa zaidi kuliko kumwacha alale. Ila folda hiyo isiwe na kitu kingine chochote: hakuna picha za harusi, hakuna programu ulizopakua, hakuna fleshi za wateja. Na kwenye mipangilio ya antivairasi badilisha pale panaposema iondoe yenyewe ikikuta tatizo kwenye diski ya nje, iambie ikuulize.

Programu nyingine za bakapu siku hizi huja na mlinzi wao wa kuzuia watekaji. Ukiwa na antivairasi nzuri, mzime huyo wa bakapu. Walinzi wawili wanaoshukiana hawalindi.

Kuna jambo moja la siku ya kurudisha ambalo hakuna aliyenionya. Tangu mwishoni mwa 2017 Windows ina kinga iitwayo Controlled Folder Access, ambayo ikiwashwa inazuia programu isiyoaminika kuandika kwenye Documents, Pictures, Desktop na nyinginezo. Kusoma haizuii. Maana yake bakapu itaenda vizuri mwaka mzima, kwa kuwa kwenye folda hizo inasoma tu, na itagoma siku unayoihitaji, inapotaka kuandika. Programu nyingine hata hazisemi zimezuiwa, zinakuambia faili halikupatikana, nawe unaanza kuilaumu diski. Basi jaribu kurudisha sasa, ukiwa huna shida. Mimi hurudisha folda ya mteja mmoja kila mwisho wa mwezi, kwanza mahali pa pembeni, kisha nakala yake ndani ya Documents, halafu naifungua kwenye Tally niangalie salio la mwisho. Tally huweka kila kampuni kwenye folda yenye namba, kwa hiyo ni rahisi kuchukua moja bila kuvuruga nyingine.

Baada ya kuandika ruhusa hizo, hakikisha mlinzi hajalala. Kuna faili la majaribio liitwalo EICAR, herufi 68 za maandishi yasiyodhuru chochote, ambayo antivairasi zimekubaliana kuyatendea kama virusi. Liweke Desktop, linapaswa kukamatwa papo hapo. Lisipokamatwa, ruhusa yako imekuwa pana mno.

Mwezi Machi uliopita programu yangu ya bakapu ilijisasisha, ikahamia kwenye folda yenye namba ya toleo jipya. Ruhusa niliyoiandika kwa njia kamili ikabaki inaelekeza kwenye folda ambayo haipo tena. Usiku huo bakapu ilishindwa kwa kosa la 32. Nililiona asubuhi kwa sababu siku hizi siangalii alama ya kijani. Nafungua ripoti yenyewe kabla sijavua koti.