Mwache binti apumzike (kwa mleta mada mwenye mtoto mwogeleaji Uholanzi)

Dada mleta mada, umeeleza kwamba binti yako wa miaka 14, anayeogelea katika klabu huko Uholanzi, ameomba kupumzika msimu mmoja, na kwamba kocha amekuonya kuwa akitoka sasa ndiyo basi tena. Umeuliza pia kuhusu bei ya mavazi ya mashindano, chakula cha kabla ya mazoezi na namna ya kuyapatanisha mazoezi na shule. Mwache apumzike. Hayo mengine yatasubiri.

Maneno hayohayo niliambiwa mimi, nikayaamini kuliko machozi ya mwanangu. Nilikuwa nikimwamsha gizani, nikimfikisha mlangoni pa bwawa na kurudi nyumbani nikijipongeza kwa malezi bora, mpaka siku nilipofungua begi lake ili nifue taulo, nikalikuta kavu, halina hata harufu ya klorini. Kumbe alikuwa akijifungia katika chumba cha kubadilishia nguo muda wote wa mazoezi, kisha analowesha nywele bombani kabla sijafika kumchukua. Hata hapo sikushtuka: nilimshtaki kwa kocha, naye akamkaripia mbele ya wenzake na kumwongezea vipindi. Alipofikisha miaka 16 aliacha kabisa, na hadi leo tukienda ufukweni Scheveningen hukaa mchangani na viatu vyake miguuni. (Simcheki, maana uogeleaji wangu mimi huishia pale maji yanapofika kifuani.)

Kinachoniudhi ni kwamba kocha yule, Mholanzi aliyekulia katika mchezo huo, hakosi kuzijua habari za Inge de Bruijn, mwogeleaji wa Uholanzi mzaliwa wa Barendrecht, ambaye alishiriki Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, kisha hamu ikamwisha, akaikosa kabisa Atlanta mwaka 1996. Kwa hesabu za kocha wa mwanangu, huyo alikuwa amekwisha! Hamu iliporudi alikwenda Oregon, Marekani, kufundishwa na Paul Bergen, na huko Sydney mwaka 2000, akiwa na miaka 27, akatwaa dhahabu za mita 50 na mita 100 mtindo huru pamoja na mita 100 kipepeo. Mwaka 2004 huko Athens akaitetea ile ya mita 50. Ranomi Kromowidjojo, mwogeleaji mwingine wa Uholanzi, naye aliugua homa ya uti wa mgongo mwaka 2010, akayakosa mashindano ya Ulaya, lakini London mwaka 2012 akashinda mita 50 na mita 100. Bwana yule angewaongezea vipindi wote wawili.

Kwa hiyo nenda kwa kocha peke yako, bila binti, umwambie kwamba mtoto anapumzika. Ikiwa umeshalipa ada ya msimu, isamehe. Usikubali kupangiwa tarehe ya kurudi, kwa kuwa tarehe hiyo ataitaja binti mwenyewe, na wakikutisha kwamba nafasi yake kikosini itachukuliwa na mwingine, waache waichukue.