Jibu: Kulala Quartieri Spagnoli, Napoli, Italia, ukiwa na mama

Dada, umeuliza kama ulale Quartieri Spagnoli au karibu na stesheni ya Garibaldi. Mimi ningelala Quartieri, ila nyumba uichague kwa makini.

Mtaa huo ulijengwa karne ya 16 kwa ajili ya askari wa Kihispania. Vichochoro ni vyembamba, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vyenu, na pikipiki zinapita hadi usiku wa manane. Omba chumba kinachotazama uani. Tena uliza lifti mapema, maana majengo ni marefu na mengi yana ngazi tu. Magoti ya mama hayatakusamehe. Tafuteni nyumba iliyo upande wa chini wa mtaa, karibu na barabara ya Via Toledo, kwa sababu mtaa unapanda kilima.

Asubuhi nendeni soko la Pignasecca, samaki na vitafunwa vya kukaanga viko tele. Picha ya Maradona ukutani, iliyochorwa 1990, hujaza watu, wahini mapema. Kwenda kwenye magofu ya Pompei, pandeni metro kituo cha Toledo hadi Garibaldi, kisha treni ya Circumvesuviana. Humo mkoba uwe mbele, si mgongoni.