Brauza Ikilalamikia Cheti, Soma Kwanza Jina la Aliyekitoa

Nina steshenari hapa Dodoma, upande wa UDOM. Msimu wa maombi ya mikopo ukifika, onyo la cheti cha usalama, yaani kitambulisho cha tovuti ambacho brauza hukikagua, nalikuta kwenye laptop za wanafunzi mara kwa mara. Wengi wanalipita tu: wanabonyeza endelea, wanaandika nywila. Jamani, msifanye hivyo, hasa kwenye tovuti ya benki au yenye taarifa zenu.

Anza na saa. Kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ya mezani ambayo betri yake ndogo ya CR2032 imekufa, umeme ukikatika inawaka na tarehe ya miaka ya nyuma, na karibu kila tovuti inagoma kwa onyo la ERR_CERT_DATE_INVALID, yaani tarehe ya cheti haikubaliki. Rekebisha saa, weka betri mpya, kazi imeisha.

Saa ikiwa sawa, bofya alama iliyo kushoto mwa anwani ya tovuti, ufungue cheti, usome kimetolewa kwa nani na kimetolewa na nani. Ukikuta jina la antivairasi uliyoweka mwenyewe, ujue imejiweka kati yako na tovuti ili ikague mawasiliano yako. Kipengele hicho kinazimwa kwenye mipangilio yake. Ukikuta jina la ruta au la mtandao wa hoteli, huenda Wi-Fi hiyo inataka kwanza uingie kwenye ukurasa wake. Hamia bando la simu. Onyo likitoweka, tatizo ni Wi-Fi, si tovuti.

Jina usilolijua kabisa ndilo linalonitia wasiwasi, na zaidi kwenye laptop ya mtumba. Mwaka 2015 iligundulika kwamba baadhi ya laptop za Lenovo zilitoka kiwandani zikiwa na Superfish, programu ya matangazo iliyojiandikisha kama mtoa vyeti anayeaminika, ikawa inatengeneza vyeti vyake kwa tovuti za watu, za benki zikiwemo. Brauza haikutoa onyo lolote. Kwa hiyo hata pakiwa shwari, mashine ikiwa ngeni kwako, soma jina. Mimi laptop ya mtumba naifuta yote na kuweka Windows upya kabla mwenye nayo hajaingia kwenye tovuti ya benki.

Na cheti cha tovuti yenyewe kikiwa kimeisha muda, kwako hakuna cha kurekebisha. Wapigie simu wenye tovuti, usubiri.