Hasira Ilinifundisha Kushona, Lakini Haikunifungulia Mulango

Wiki iliyopita mudogo moja wa Uvira aliniandikia ku WhatsApp, akaniita yaya (dada mukubwa), akasema alinunua mashini ya kushona na feza ya AVEC yao, kile kikundi ya kuweka akiba na kukopeshana, lakini mashini iko ku kona ya nyumba inakula vumbi, asubui anaiangaliaka tu kisha anarudi ku kitanda. Akauliza: "Yaya, wewe morali unaitoaka wapi? Kila siku nakuonaka ku status uko mu kazi." Nilianza kumujibu, jibu ikakuwa murefu mupaka kidole ikachoka, nikasema basi niiweke hapa, juu najua haiko yeye peke yake. Nyinyi wote munanisomaka munatafuta kitu moja na mimi: atelie yako, jina yako ku mulango, batu bakupigie simu na heshima, na mwisho wa mwezi usiende kuomba chumvi kwa jirani.

Niseme pia niko na sababu ya kujisifu kidogo. Tumemaliza iniforme ya masomo moja hapa Goma, mashati nyeupe na jipe ya blu, mbele batoto barudie ku darasa mu mwezi wa kenda. Muzigo ulijaza chukudu muzima, ile kinga ya mbao ya kusukuma, na direkteri alilipa yote siku ileile, kitu yenye haionekanake hapa kila siku. Nasema hiyo mapema juu kuko batu balisemaka siwezi.

Sasa morali. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa hasira, na sitaki kuificha.

Nilijifunza kushona mu atelie ya mama moja mu Birere, ku njia ya kwenda Petiti Bariyeri, ku mupaka ya Rwanda, pale bikwembe na bitu yote inapita kutoka Gisenyi. Jina yake sitaitaja. Alikuwa fundi wa kweli, kola yake ilikuwa inasimama bila pasi, na mimi mupaka leo kola naikataka vile yeye alikuwa anakata. Lakini ule mudomo! Siku moja atelie ikiwa imejaa bakliyanti alibeba robe yenye nilikuwa nimemaliza, akaigeuza ndani inje, akainyanyua batu bote baone mishono, akasema hii mikono haikuumbwa kwa sindano, iende ibebe makala ya moto ku bandari ya Kituku. Batu balicheka. Mama moja wa kanisa yetu alikuwa pale, naye alicheka, na siku ya yenga akanipa mukono wa amani kama vile hakuna kitu ilipita. (Na bale babebaji ba makala ba Kituku nabaheshimu sana, kazi yao ni nguvu kuliko ya ule mama na ya kwangu ukiziweka pamoja, njo maana ile tusi iliniuma mara mbili.)

Nilitoka pale na plani moja tu: nitafungua atelie ku barabara yenye yeye anapitiaka akirudia kwake. Na nilifungua. Ile sehemu ya kutafuta feza naruka, munaijua, deni huku, likirimba (kuchangishana feza kwa zamu) kule, kuuza sambaza asubui na mapema, kila mutu mwenye alianzia chini mu hii muji anaweza kuwaelezea bila mimi. Ilikuwa nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano, mashini moja ya miguu, Singer ya zamani yenye kelele, na meza niliipanga pale ku mulango kabisa ili mutu akipita anione. Mvua ikinyesha sikufunga. Giza ikiingia nilikuwa nashona na tochi ya simu. Kila robe nilikuwa naishonea yeye, haiko mwenye robe.

Na hasira inatumikisha mutu, nisibadanganye. Naonaka bahubiri ba morali ku YouTube banasema samehe kwanza njo utaendelea, mimi nabaangalia tu. Hasira njo ilinifundisha kuweka zipu yenye haionekane. Hasira njo ilinifanya nijue kukata veste ya mwanaume bila modeli, kwa vipimo tu, juu ule mama alikuwa anasema banamuke hatuwezi veste. Kuna asubui nilikuwa na maleria na nikafungua.

Kisha nikasikia amehama. Alifunga atelie, akauza mashini zake, akaenda Kampala kwa mutoto wake. Hakuniaga, na juu ya nini aniage, kwake mimi nilikuwa mutoto moja kati ya bengi benye alifukuza, labda ile maneno aliisahau kesho yake. Mungefikiri nilifurahi. Nilikaa ku kiti yangu pale ku mulango, barabara imejaa bamotari na chukudu na bamama ba soko, na mimi naona kama hakuna mutu anapita. Ile siku nilifunga mapema. Kesho yake nilifungua saa ine. Keshokutwa sikufungua kabisa, na ata sikuwa mugonjwa. Hasira ni moto ya karatasi, inawaka mbio lakini haiivishe maharagi, na mimi nilikuwa nimeizoea sana mupaka sikukuwa na kuni ingine mu nyumba.

Yenye ilinirudisha ku mashini haikuwa ndoto, haikuwa maombi (ata kama niliomba), haikuwa video. Ilikuwa mama moja wa Majengo. Alikuwa amelipa avansi kwa bikwembe ya mahari ya binti yake, na mahari ilikuwa siku ya posho (jumamosi). Alinitafuta ku atelie akakuta kufuli, akauliza majirani, akafika mupaka kwangu ku nyumba na jasho. Hakuniuliza niko na morali ama sina. Aliuliza: "Mama, bikwembe iko tayari?" Nikamujibia kesho. Ile kesho yenye sisi bashonaji bote tunaijua, juu kikwembe ilikuwa haijagusa makasi. Nilifungua ile usiku, nikakata, nikaanza kushona bila hamu kabisa, na kufikia ku mikono ya robe nikajikuta niko naimba. Hamu ilinikuta kazini. Haikunitangulia.

Pale njo niliona kitu yenye nataka mushike leo, hizi zingine ni chumvi tu: mutu anaendelea juu kuko mutu anamungojea. Ukifanya kazi ya kuonyesha adui, adui anaweza kuhama. Ukifanya ya kujipendeza, kuko asubui wewe mwenyewe haujipendake. Lakini kliyanti mwenye mahari yake iko siku ya posho, ule haende popote, atagonga.

Mudogo wangu wa kiume alisomaka saikoloji hapa Goma, tulikuwa tunabishana juu ya hii mara mingi, na siku moja akaniletea habari ya mutu wa Marekani, Edward Deci. Mu utafiti yenye alitangaza mu 1971, ule mutu aliweka banafunzi ba chuo mbele ya muchezo ya kupanga vipande, inaitwa Soma. Kundi moja akabalipa dola moja kwa kila umbo bamemaliza, ingine hakubalipa kitu. Kisha akaacha kulipa, akabaacha peke yao mu chumba, akaangalia nani ataendelea kucheza. Bale balizoezwa feza baligusa muchezo kidogo kuliko bale ba bure. Mudogo wangu akafunga kitabu kama avoka ameshinda kesi: unaona yaya, feza inauaka hamu. Nikamwambia bale banafunzi walikuwa wamekula asubui. Hapa kwetu feza haijaua hamu yangu ata siku moja, yenye kuua hamu ni kukosa feza ya uzi.

Lakini nilifikiria usiku, na kuna sehemu alikuwa na haki. Mu Birere nilikuwa nalipwa kwa kipande, nikimaliza hesabu yangu sikugusa tena ata kifungo, uniambie jirani amepasuka suruali nasema aende kwa mwenye kulipwa. Na akanieleza tena kwamba kisha Deci alitumika na mwenzake Richard Ryan, bakasema mutu anadumu mu kazi akipata bitu tatu: ajiamulie mwenyewe, aone anaiweza kazi, na akuwe na batu benye ameungana nabo. Ile ya tatu njo ya kwangu. Mimi sikuisoma mu kitabu, ilikuja na jasho kutoka Majengo.

Na kama haunisadiki, kumbuka 2021. Tarehe 22 mwezi wa tano volkano ya Nyiragongo ililipuka mangaribi, lava ikashuka mupaka Buhene, karibu na kiwanja ya ndege. Tarehe 27 asubui gavana akatangaza kata mingi zihame mara moja, juu banasema moto inaweza kutokea chini ya muji ao ata chini ya ziwa. Bengine balienda Gisenyi, bengine babeba boti ya Bukavu, sisi tulishika njia ya Sake na miguu. Munajua nilibeba nini? Kichwa ya mashini nilikifunga mu mugongo na kikwembe kama mutoto, na ku kichwa nilibeba muzigo wa nguo za bakliyanti, kila moja na karatasi ya jina na vipimo. Nguo zangu nilisahau zote, ata viatu vya kanisa. Na mu ile njia, batu, magodoro, mbuzi, batoto banalia, simu yangu ikalia, mama moja ananiuliza robe ya ubatizo iko wapi. Tunakimbia volkano na ule mama anaulizia robe! Nilicheka nikiwa natembea mupaka mudogo wangu akafikiri nimepata wazimu. Lakini ule mama alikuwa amehesabu kwamba tutarudia, kwamba kutakuwa kanisa na maji na mutoto amevaa nyeupe. Kule Sake tulilala ku darasa, na asubui nilitafuta meza nikafunga ile mashini nikashona kola, kwa mukono bila pedali, polepole, batu banishangaa. Alivaa ile robe. Picha iko kwangu.

Basi mudogo wa Uvira, na bote benye kununua mashini ao kamera ao kompyuta na inalala: muache kungojea hamu. Tafuta mutu wa kukungojea. Leo, usingoje kesho, enda kwa jirani umuombe jipe ya mutoto yenye imepasuka, umwambie utamuletea siku ya ine mangaribi, umwambie kwa sauti mama mukwe wake asikie. Chukua avansi, ata kidogo, avansi inakatazaka usingizi. Usipange tarehe ya mbali, tarehe ya mbali ni sawa na kukosa tarehe. Na tena nasema, tafuta mutu wa kukungojea.

Na muingie mu likirimba ya benye kufanya kazi moja na nyinyi, haiko ya kuweka feza tu. Benki za hapa zilipofunga mwanzo wa 2025, na kutoa feza ku simu ikawa inakula asilimia kubwa, na noti zilizochakaa hakuna anazipokea, sisi bashonaji tuliendelea na likirimba yetu, kiloko kiloko. Hatukuwa na feza. Lakini kila posho kuko mwenzako zamu yake imefika, naye amekwisha kuahidi ile feza kwa mwenye nyumba, sasa wewe utakuja kumuambia nini, kwamba haukukuwa na morali? Nilishona mapazia mu ile miezi, mimi fundi wa veste. Kuna vijana bananiandikia "yaya mimi napenda uhuru, sitaki mutu wa kunisukuma", nabaambia uhuru ni kuchagua nani atakusukuma. Mimi nilichaguliwa na tusi kwanza, kisha nikachagua bakliyanti, na niliona tofauti mu usingizi wangu.

Batu bananiuliza kama nilimusamehe ule mama. Kola yake bado naikata. Hayo mengine tuyaache.

Kwa benye kuomba nafasi ya kujifunza hapa kwangu, ziko chache na ni za asubui tu, juu kisha saa sita bakliyanti banajaa. Ukikosea robe tutaifumua pamoja, mulango umefungwa, hakuna mutu atainyanyua juu. Haulipe kitu mwezi ya kwanza, lakini kuanzia siku yako ya pili utapewa kliyanti mwenye jina na tarehe, haiko kitambaa ya mazoezi. Kuja na makasi yako na mita yako, uzi tutagawana. Makasi ya kukatia karatasi sitaki kuiona.