Njoo mazoezini ukiwa umeshakijua kipande chako

Napiga besi kwenye bendi ya harusi na sendofu hapa Mbeya. Ugomvi mwingi wa bendi niliouona ulianzia chumba cha mazoezi, na chanzo kilikuwa kilekile: mtu mmoja kaja hajui anachotakiwa kupiga. Waimbaji wanasimama, mpiga tumba anashika simu, mpiga gitaa la solo anabahatisha mistari ambayo angeweza kuisikiliza jana yake. Saa nzima inaliwa. Na mwenzake katoka Uyole kwa nauli yake, mwingine kafunga biashara yake Mwanjelwa mapema. Hapo neno moja linatosha kuwasha moto.

Ndiyo maana nasisitiza: kujifunza wimbo ni kazi ya nyumbani, mazoezini tunaunganisha. Wimbo utumwe kwenye kundi la WhatsApp siku kadhaa kabla, pamoja na ufunguo utakaopigwa, yaani do inakaa kwenye sauti gani. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna bahati, kwa sababu waimbaji wetu wengi wamelelewa kwenye kwaya za Moravian na KKKT, na solfa, ile ya do, re, mi, wanaijua. Wapiga gitaa nao waijifunze. Wimbo ukiwa G na dada anayeimba hafiki juu, tunaushusha hadi E. Aliyekariri kodi za gitaa kwa majina anaanza upya, lakini aliyeandika do, fa, so anahamisha do tu na safari inaendelea.

Mkishakutana, msipige wimbo mzima mara nyingi mkitegemea kosa litajirekebisha. Halijirekebishi. Tafuteni panapovunjika, na mara nyingi ni pale wimbo unapotoka kwenye kuimba na kuingia kwenye sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezesha watu. Drams na besi wapige hapo peke yao, polepole, mpaka wakubaliane. Kisha gitaa la rithimu, kisha solo, waimbaji mwisho. Umeme ukikatika msitawanyike: huo ndio muda wa kupanga sauti tatu za kiitikio bila vyombo, na makosa yaliyokuwa yamefichwa na spika yatasikika yote.

Sauti kubwa nayo inagombanisha watu. Mpiga drams akizidisha, solo anapandisha amplifaya, rithimu anamfuata, na mwimbaji anaishia kupiga kelele hadi koo linauma. Anzeni na sauti ya mwimbaji. Kila chombo kikae chini yake, na drams zifunikwe blanketi kama chumba ni kidogo. Majirani pia watawashukuru.

Halafu kuna baridi yetu ya Juni na Julai. Nyuzi za chuma zikipoa hukaza na sauti hupanda; chumba kikijaa watu zinalegea na sauti inashuka. Nimeshuhudia watu wakilaumiana masikio kumbe tatizo ni hilo. Toa gitaa kwenye mfuko, liache lizoee chumba, ndipo wote mfuate kinanda, kwa kuwa chenyewe hakiyumbi.

Kukosoana kunataka adabu. Wakati wimbo unapigwa, asimamishe mtu mmoja tu, yule mliyemteua kuongoza mazoezi, na aseme kosa liko wapi: umewahi kuingia, umechelewa kukata. Habari za "wewe siku zote uko hivyo" hazina nafasi. Kama aliyekosea ni mzee, usimrekebishe mbele ya vijana. Subiri mapumziko ya chai, msogelee: "Mzee, naomba tupaangalie pale kwenye kiitikio, naona mimi na wewe hatukutani." Atakuelewa, na mara nyingi atakuongezea kitu ambacho hukukijua.

Sasa pesa na vyombo. Enzi za bendi za mashirika ya umma jambo hili lilikuwa wazi. Tancut Almasi ya Iringa ilikuwa bendi ya kampuni ya kukata almasi, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Bendi zetu za leo mara nyingi vyombo ni vya mmoja wetu, na siku mkikorofishana anatishia kuondoka navyo. Kaeni mapema muandikiane. Njia ninayoipenda ni kuvihesabu vyombo kama mwanachama: mkiwa watu saba, malipo yagawanywe mafungu manane, na la nane liende kwenye nyuzi, matengenezo ya spika na usafiri wa vyombo. Kianzio, yaani malipo ya awali ya mteja, kikipokelewa, kitangazwe siku hiyohiyo, kila mtu akione.

Na mwenzenu akitaka kuhamia bendi nyingine, msimnunie. Kuhama ni sehemu ya dansi tangu zamani. Mbaraka Mwinshehe mwenyewe alitoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Mlipeni anachodai chote, kisha mwombeni aje mazoezi mawili au matatu kumwonyesha anayeshika nafasi yake namna anavyoingia na anavyokata kwenye kila wimbo.