Kope la mama lashuka kila jioni: likatwe?

Swali: Assalam aleikum daktari. Niko Langoni, Lamu. Mamangu ana miaka 61, na tangu mwaka jana kope lake la juu, jicho la kulia, linashuka. Asubuhi si vibaya, lakini ikifika alasiri limeshafunika karibu nusu ya jicho. Yeye hushona kofia, na siku hizi asema magharibi huona sindano mbili. Maumivu hana. Tumeambiwa tumpeleke Mombasa akafanyiwe operesheni, na jamaa mwingine asema kuna matone ya kuinua kope bila kisu. Tushike lipi? Na operesheni yenyewe hufanywaje?

Jibu: Wa aleikum salaam mwanangu. Kisu kingoje kwanza, tuzungumze hiyo sindano.

Kope la mtu mzima likishuka, mara nyingi ni umri tu. Msuli unaolinyanyua umeungana nalo kwa utando mwembamba, na miaka ikienda utando huo hulegea na kuachia. Wewe mtu wa Lamu utanielewa nikisema foromali (mti unaobeba tanga) ni nzima na mabaharia wana nguvu, henza (kamba ya kuipandishia) ndiyo iliyolegea. Kope la namna hiyo nalo huzidi kidogo jioni, kwa hiyo neno "alasiri" peke yake lisingenitia shaka. Lakini henza iliyolegea haimfanyi mtu kuona sindano mbili.

Leo magharibi, akiziona mbili, mfunike jicho moja kwa kiganja, kisha la pili. Zikibaki mbili kwa jicho lolote, huenda ni miwani au mtoto wa jicho. Ikibaki moja tu kila ufunikapo, basi macho hayaelekei pamoja, yaani misuli inayoyageuza nayo inachoka. Hapo nashuku ugonjwa uitwao mayastenia: kinga ya mwili hushambulia mahali ambapo neva hukabidhi ujumbe kwa msuli. Msuli ukitumika hulegea, ukipumzika hurudi. Ndiyo maana akiamka asubuhi mwaona kama amepona.

Mwambie aangalie dari dakika moja hadi mbili bila kushusha macho, nawe tazama kope linateremka au la. Kisha funga barafu ndani ya kitambaa (Lamu kwenye samaki barafu haikosekani), umwekee juu ya kope lililofumbwa kwa dakika mbili. Likipanda milimita 2 au zaidi, shaka yangu imepata nguvu. Lisipopanda, ugonjwa huo haujaondolewa mezani. Kipimo cha damu cha kutafuta kingamwili husaidia pia, lakini kwa ugonjwa ulioishia machoni tu, karibu nusu ya wagonjwa damu yao haionyeshi kitu. Akithibitika, atapigwa picha ya CT ya kifua kuangalia tezi ya thaimasi, kwani huweza kuwa na uvimbe. Dawa yake ya kwanza huwa vidonge vya piridostigmini, na wengine huhitaji steroidi. Hivyo ni vya daktari kuandika, si vya kuagiza dukani.

Na tukiwa hapo dukani: mpaka jibu lijulikane, akiugua lolote asinunuliwe siprofloksasini wala azithromaisini kiholela, wala asidungwe jentamaisini. Dawa hizo huweza kuzidisha mayastenia ghafla. Muulize kama wali unamkwama, au sauti yake inatokea puani akizungumza sana. Akianza kushindwa kumeza au kupumua, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Nawaambia na wasomaji wengine: kope lililoanguka ghafla, pamoja na kichwa kuuma sana na mboni ya jicho hilo kuwa kubwa kuliko ya pili, halingoji boti ya kesho. Huenda mshipa wa damu ubongoni umefura na kubana neva. Sukari nayo huweza kuilemaza neva hiyo hiyo, ila mboni kwa kawaida husalimika na kope hurudi lenyewe kwa miezi michache. Lakini hilo si la kukisia mkiwa nyumbani.

Sasa operesheni, ikiwa shida ni henza tu. Mtu mzima huchomwa ganzi kwenye kope, akabaki macho. Daktari hupasua kwenye kunjo la kope ili kovu lijifiche, huvuta utando na kuushona mahali pake, kisha humwambia mgonjwa afumbue, naye daktari hulinganisha pande mbili kabla ya kufunga uzi. Kabla ya hapo huwa amepima kope linasafiri milimita ngapi kutoka kutazama chini hadi juu. Likisafiri 12 au zaidi msuli ni mzuri. Likiwa chini ya 4, kuvuta utando hakutoshi, na kope hufungwa kwa utepe kwenye msuli wa paji la uso ili nyusi zilinyanyue. Likivutwa kupita kiasi, jicho halifumbiki vizuri usingizini na hukauka. Na usishangae upande mmoja ukiinuliwa, wa pili ukashuka kidogo: ulikuwa ukijikaza kwa ajili ya mwenzake.

Ukimpeleka mwenye mayastenia kwenye kisu hicho kabla ya dawa, unashona kope ambalo kesho litabadilika.

Matone yapo kweli. Ni oksimetazolini ya asilimia 0.1, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020. Huinua kope kama milimita moja kwa saa kadhaa, basi. Dawa ya mafua ya puani yenye jina hilo hilo isitiwe jichoni kamwe.

Anzeni kliniki ya macho ya hapo Lamu, mkaombe rufaa ya kwa daktari wa neva pamoja na wa macho. Chukueni kitambulisho chake cha zamani, picha yake itaonyesha kope lilivyokuwa. Na kwa kuwa kliniki ni asubuhi, wakati kope lake liko juu, mrekodi kwa simu akiwa na kofia yake mkononi saa kumi na mbili jioni.