Kuhusu laktati ya 3.1 na uvimbe wa mtoto

Dada, pole sana. Umeandika kwamba mwanao ana uvimbe wa rangi ya buluu mkononi, kipimo cha asidi ya laktiki (laktati) kimetoka 3.1, na unauliza kama huo ndio ushahidi kwamba mishipa yake ya damu ina hitilafu. Sio. Mimi nimezaliwa na hitilafu ya vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, kwenye shavu la mguu, na jibu kama hilo lilininyima usingizi wiki nzima.

Siku ya kipimo changu, mpira wa kufungia mkono ulikaa mkononi mwangu muda mrefu, mshipa unatafutwa hauonekani, huku naambiwa nikunje ngumi, nifungue, nikunje tena. Misuli ikifanya kazi huku damu imezuiwa hutoa laktati. Halafu chupa ya damu ikaachwa mezani, na chembe nyekundu za damu huendelea kula sukari na kutoa laktati hata zikiwa nje ya mwili. Ndiyo maana damu hiyo hutiwa kwenye chupa yenye floraidi, dawa inayozuia chembe kula sukari, ikawekwa kwenye barafu na kupimwa upesi. Kawaida laktati haizidi millimoli 2 hivi kwa lita. Niliporudia bila kufungwa mpira nilipata 1.2. Mtoto anayelia na kupigana na mpimaji naye inaweza kumpanda.

Laktati hupanda kwa mambo mengi: maambukizi makali, degedege, ini kushindwa kazi. Haielekezi kidole kwenye uvimbe wowote. Hata mshipa wa utumbo ukiziba, mwanzoni inaweza kuwa ya kawaida.

Daktari aliyenisaidia aliubonyeza uvimbe kwa kidole gumba, ukazama kama sponji. Akaniinua mguu, ukanywea. Akanisimamisha, ukajaa taratibu. Kisha akaweka kiganja kutafuta joto na mtetemo, kwa sababu ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, zikiungana moja kwa moja na vena, mahali hapo huwa na joto na hutetema. Ultrasaundi ya dopla, inayopima mwendo wa damu, ikaonyesha damu inakwenda polepole, na MRI, picha ya ndani ya mwili kwa sumaku, ikaonyesha uvimbe umeingia ndani ya misuli kiasi gani.

Kwenye damu, kilichokuwa na maana kwangu ni kipimo cha D-dima, yaani mabaki ya damu iliyoganda ikayeyuka. Damu inayotuama kwenye vena hizo huganda na kuyeyuka kidogo kidogo, na D-dima hupanda. Kiulizie hicho, hasa kabla ya upasuaji au sindano ya kukausha mishipa.

Lakini hiyo 3.1 usiitupe, irudiwe kwa utaratibu unaotakiwa. Na mtoto akiwa na homa, akilegea au akihema haraka, mpeleke hospitali sasa hivi, usisubiri majibu yetu hapa. Ukienda kwa daktari, beba picha mbili za uvimbe: mkono ukiwa umeinuliwa, na ukiwa umening'inia kwa dakika chache. Mimi zangu zilimfanya daktari aache kuangalia karatasi ya maabara na kuanza kuuangalia mguu.